Ndege Walipoigonga Ndege

"Ndege wameigonga ndege!" DJ alipayuka kwenye spika, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Tulikuwa tunaona vizuri kinachoendelea. Kwenye skrini injini zote mbili zimezimika, abiria wamebandika nyuso madirishani, na Tom Hanks, nywele zimempauka kama mzee wa kanisa, ameshika usukani. Ila hawa madijei wa muvi za kutafsiriwa ni watu wa maneno, na hapo lugha ilikuwa imempa utani bure. Akarudia taratibu, kama anafundisha: "Nasema hivi, ndege, wale wa manyoya, wameigonga ndege, hii ya nauli!" Jamaa wa mbele akajipiga paja. Mimi nilicheka mpaka nikamwagia jirani yangu kahawa kwenye suruali.

Kisha ndege ya kweli ikapita juu ya bati.

Wanaoishi Kiwalani, hapa Dar karibu na uwanja wa ndege, wanajua. Ikiwa inatua kwa upande wetu unayaona magurudumu yameshateremka, na kama mlikuwa mnaongea mnanyamaza midomo wazi, ikishapita mnaendelea pale mlipoachia. Tumezoea kiasi kwamba mgeni ndiye hutushangaa. Lakini usiku ule hakuna aliyecheka ilipopita. Tuliinua nyuso wote tukaliangalia bati, kama vile bati lina dirisha.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Tangu siku hiyo kuna kitu kinanikwangua. Nimeanza kuandika mara tatu nikafuta.

Jero ya kiingilio

Muvi yenyewe ni Sully, ya Clint Eastwood, ya mwaka 2016. Kisa chake wengi mnakijua hata kama hamjaiona: Januari 15, 2009, New York, Airbus A320, Kapteni Sullenberger, mto Hudson, watu 155 na wote wakatoka hai. Kwa hiyo sina utamu wa kumwaga.

Ninachotaka kusimulia ni kibanda.

Kibanda umiza chetu kina feni moja, na hiyo moja inamtazama mwenye kibanda. Ukiwahi unapata benchi. Ukichelewa unapewa kreti la soda, na goti la mtu wa nyuma linakuwa mgongoni kwako mpaka mwisho. Siku ya mpira husogei. Siku hiyo hakukuwa na mpira, kwa hiyo tulikuwa kama 30 hivi, wengi bodaboda waliokuwa wanasubiri usiku uchangamke.

Muvi inaanza na ndege inaanguka katikati ya jiji, inachana maghorofa. Kijana mmoja nyuma yangu akasimama. "Si mlisema wanapona hawa?" Akaanza kudai jero yake. Ilibidi aambiwe kuwa ile ni ndoto, kapteni anaota, akae chini watu waone.

Ilipofika ndege kutua majini, nilitegemea kelele. Hapakuwa na kelele. Mzee mmoja alisema "Lailaha" kwa sauti ya chini, basi. Maji yakapanda kwenye vioo, milango ikafunguka, watu wakaanza kujipanga juu ya bawa katikati ya baridi ya Januari, wamesimama kama abiria wa Mbagala wanaosubiri daladala, na kwa mbali vikaanza kuja vyombo.

"Pantoni hizo!" mtu akapiga kelele kwa furaha. "Wamekuja na pantoni!"

Kweli ni pantoni. Vivuko vya kila siku vya kuvusha watu kwenda na kurudi kazini, kama vya kwetu Magogoni. Cha kwanza kilifika ndani ya dakika nne hivi. Kibanda kikapiga makofi, kimesahau kabisa kwamba hiki ni kitu cha miaka mingi iliyopita na hawa watu hatuwajui.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, gizani, wala haikuwa kubwa.

"Bukoba walikuja na mitumbwi."

Makofi yakakatika.

Kesi ya kapteni

Hamhitaji nieleze Bukoba. Novemba 6, 2022, Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air ikatumbukia Ziwa Victoria, watu 43 ndani, 19 hawakurudi. Kila mtu anajua alikuwa wapi picha zilipoanza kuingia kwenye simu.

Nadhani ni kwa sababu ya sauti ile kwamba nusu ya pili ya muvi tuliiangalia kwa hasira. Maana sasa kapteni, baada ya kuokoa watu wote, ameitwa mbele ya meza. Wachunguzi wa ajali wamekaa pale na makaratasi yao, wanamwambia kompyuta zinaonyesha angeweza kurudi kiwanjani. Na DJ akamwaga petroli. Kwa tafsiri yake wale wachunguzi wakawa "wapelelezi". Kikao kikawa "kesi". Ukumbi ukawa "mahakamani". "Mzee wa watu," DJ akalia, "ameokoa roho 155, leo anasomewa mashitaka!"

Kibanda kikachafuka. Matusi yaliyotoka siwezi kuyaandika, mama yangu anasoma hapa. Mimi nilisimama juu ya kreti, na nina sauti.

"Muacheni mzee wa watu! Mlikuwa wapi nyinyi?"

Nilipewa makofi yangu binafsi.

Mlangoni hukaa mzee mmoja tunayemwita Fundi. Anakaa pale kwa sababu ya kifua, moshi wa sigara ndani haumfai. Kazi yake yote aliifanyia kwenye mahanga ya ndege, mpaka alipostaafu. Ukimwamkia anakuangalia kwanza mikono, halafu ndiyo anaitikia marahaba. Aliinuka, akamalizia kashata yake, akaniambia bila kupandisha sauti:

"Hao unaowatukana ndio wanaokupitishia ndege juu ya bati lako bila kukuangukia."

Akaondoka. Muvi ilikuwa haijaisha.

Nilikaa. Nikaona mwisho kama wengine, kapteni kashinda, tumeshangilia. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na lile neno, na kwa kweli nilimkasirikia. Mzee amekuja kutuharibia.

Bando la usiku

Nilianza kutafuta ili nimjibu. Huo ndio ukweli. Nilitaka nikamkute barazani kwake na hoja mkononi.

Nilichokikuta hakikunisaidia.

Kwanza, wachunguzi wenyewe walilalamika muvi ilipotoka, kwamba imewafanya kuwa watu wabaya wasivyokuwa. Na inasemekana Sullenberger mwenyewe aliomba majina halisi ya wachunguzi yasitumike, kwa sababu hawakumfanyia hivyo. Kwenye muvi mambo yanakwenda haraka, utadhani ni wiki moja. Ukweli ni kwamba kikao cha hadhara kilifanyika Juni 2009, na ripoti ya mwisho ikatoka Mei 2010. Zaidi ya mwaka mmoja wa watu kukaa na swali moja.

Halafu zile sekunde 35, ambazo kwenye muvi kapteni anawadai mbele ya watu, kibanda kizima kikasimama: wachunguzi ndio waliozipima. Waliweka marubani kwenye simuleta, ile mashine ya kufundishia, wakawaambia geukeni mara tu injini zinapokufa. Wengine walifanikiwa kurudi. Kisha wakasema hapana, binadamu hageuki mara moja, binadamu anashtuka, anatazama, anaamini macho yake. Wakaongeza sekunde 35. Haikufika. Ripoti ikaandika kwamba kutua mtoni ndio uamuzi uliokuwa na nafasi kubwa kuliko yote ya kuwaacha watu hai.

Yaani walimuuliza, na maswali yao ndiyo yaliyomsafisha.

Nikaelewa pia kwa nini muvi imewageuza. Kutoka ndege kugongwa mpaka kugusa maji ni kama dakika tatu na nusu. Muvi ni saa moja na nusu. Dakika zilizobaki unazijaza na nini? Ndege wa manyoya huwezi kuwagombeza saa nzima. Lazima atafutwe wa kuchukiwa.

Na sisi kwa DJ wetu tukaongezewa chumvi ambayo Eastwood hakuitia. Nimefikiria sana hili. DJ hakukosea tu maneno, alitumia maneno tuliyonayo. Kwetu mtu "akiitwa kuhojiwa" ndugu zake wanaanza kuchangishana. Ukisema "uchunguzi unaendelea" watu wanacheka. Angetumia neno gani ambalo wale bodaboda 30 wangesikia maana ya mtu anayeuliza ili ajue, na si ili afunge?

Sina hilo neno. Nimelitafuta.

Nikaendelea kusoma, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu. Mfano karatasi. Rubani msaidizi, Skiles, alikuwa anasoma orodha ya hatua za kufuata injini zote zikizimika. Kurasa tatu. Iliandikwa na watu waliofikiria ndege iko juu sana, zaidi ya futi 20,000, ina muda wa kuteremka huku unasoma. Wao walikuwa futi 2,800. Hawakukaribia hata kumaliza. Kapteni aliwasha ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme mapema kabisa, kabla orodha haijamwambia, na hilo lilisaidia sana. Mimi na wewe tungeishia hapo: shujaa, kaipiku karatasi. Wachunguzi wakauliza: je, kesho akiwa rubani mwingine? Wakapendekeza orodha ziandikwe kwa ajili ya ndege iliyo chini.

Au yale maboya. Ndege ile ilikuwa na slaidi za dharura zinazogeuka kuwa boti, za kwa ajili ya safari za juu ya bahari. Safari ya siku hiyo haikuzihitaji kisheria. Zilikuwepo kwa bahati tu, kwa sababu ilipangwa ndege hiyo na si nyingine. Zile za nyuma hazikutumika, maji yalishaingia mkiani. Za mbele zikabeba watu. Bahati nayo ikaandikwa kwenye ripoti, rasmi kabisa, kwamba hapa tuliponea bahati, na bahati haipangwi kwenye ratiba.

Ila lililonimaliza ni manyoya.

Injini ya kushoto iling'oka ikazama, ikaja kuopolewa mtoni siku kadhaa baadaye. Ndani yake na ya kulia kulikuwa na mabaki ya ndege, wale wa manyoya. Yakapelekwa Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian, kwa watu ambao kazi yao ni kutambua ndege kutokana na unyoya uliosagika. Wakasema: bata bukini wa Kanada. Wakaendelea: hawa si wale wanaoishi New York mwaka mzima, ni wahamiaji, wametoka Labrador. Kuna tofauti, kwa sababu wakazi unaweza kuwapunguza karibu na kiwanja, mhamiaji anayepita utamfanya nini?

Saa nane usiku, bando linakaribia kuisha, ninacheka peke yangu kitandani. Mke wangu akauliza kuna nini.

"Wamewahoji mpaka ndege," nikamwambia.

"Ndege gani?"

"Wote wawili."

Kwa Fundi

Nilikwenda Jumamosi, na sukari kilo mbili. Mtu ukimkosea hodi hupigi mikono mitupu.

"Shikamoo Fundi."

Akanitazama mikono. "Marahaba. Kaa."

Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia niliyosoma, akatikisa kichwa kwa mengi, la manyoya akatabasamu. Alikuwa analijua. Akaniambia kwamba katika sheria za kimataifa za usafiri wa anga, zile zilizotokana na mkataba wa Chicago wa 1944, kuna kiambatisho cha 13, na humo imeandikwa waziwazi: lengo pekee la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine. Kugawa lawama si kazi yake. Lawama ina watu wake, polisi na mahakama, na meza yao ni nyingine.

"Kwenye hanga," akasema, "ukisahau bisibisi ndani ya injini, kitu kibaya kuliko kusahau ni kunyamaza. Ukisema, tunaitafuta wote. Ukiogopa utanyamaza, na ndege itaondoka nayo."

Juu ya mapaa kunguru walikuwa wanazunguka upande wa machinjio ya Vingunguti, kama kawaida yao kila siku. Tukawatazama kidogo wote wawili, hakuna aliyesema kitu.

Nilikuwa na hoja moja imebaki, na hii nilikuwa naiamini kweli. Naiamini mpaka leo, nusu.

"Fundi, wale walipona wote. Ni rahisi kukaa mwaka mzima unauliza maswali kama hakuna jeneza hata moja. Kwetu Bukoba tulikuwa na majeneza 19 uwanjani. Utamuuliza nani, uanzie wapi? Msiba ni msiba."

Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani nimemshinda.

"Ndiyo maana kazi ya kuuliza wanapewa watu," akasema. "Mfiwa hapewi hiyo kazi. Mfiwa analia. Sasa wewe," akanigeukia, "ulikuwa mfiwa?"

Sikuwa mfiwa.

Nilichofanya mimi

Hapa ndipo nilipokuwa nafuta kila nikiandika.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Kashai, Bukoba. Asubuhi ile aliteremka ziwani na wenzake wengi, kwenye mvua. Aliona mkia wa ndege umetokeza juu ya maji, wavuvi wakiwa wameshafika, baadaye kamba, na watu waliojipanga wanavuta ndege kwa mikono kama wanavuta kokoro. Alikuwa anatuma yote kwenye grupu letu la familia. Mchana, hatujajua idadi bado, akaandika. Nimerudi nikatafuta ujumbe wenyewe, bado upo:

"Hivi jamani kiwanja kiko ziwani kabisa miaka yote hii. Ndege ikiingia majini nani alitakiwa awe wa kwanza kufika, na afike na nini?"

Mimi nikamjibu baada ya dakika moja:

"Shemeji sio wakati wa maswali. Tuwaombee."

Watu 14 waliweka vile vikono vya dua chini ya ujumbe wangu. Yeye akaandika "Amina." Tangu siku hiyo kwenye grupu lile huandika Amina, na heri ya siku ya kuzaliwa.

Siku zilizofuata tukampata shujaa wetu, kijana mvuvi. Akapewa shilingi milioni moja, akapewa ajira kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji, na mimi nilifurahi kama ndugu yangu. Alistahili, na wenzake wa mitumbwini, ambao picha zao hatuna, wanastahili pia. Lakini nikijichunguza sasa, furaha yangu ilikuwa na kazi nyingine. Shujaa alipopatikana nilikunja jamvi. Watu walipoanza kubishana mlango ulifunguliwa na nani, nikawakoromea kuwa wana wivu na mtoto wa maskini. Wiki chache baadaye ripoti ya awali ilitoka, nikaona kichwa cha habari, nikapitiliza kwenda kwenye usajili wa dirisha dogo.

Halafu miaka imepita, nasimama juu ya kreti la soda Kiwalani, nawafokea Wamarekani kwa sauti yote: mlikuwa wapi nyinyi?

Swali la shemeji yangu hasa. Nililiazima bila kujua, nikamtupia mtu asiyehusika.

Mtoto wa miezi tisa

Niliirudia muvi nyumbani, bila DJ, na mke wangu. Nilitaka kuona mtu ambaye hakuwa kibandani ataona nini.

Hakumjali kapteni. Nasema kweli, alimpita kama unavyompita mlinzi wa geti. Tangu mwanzo alikuwa na mtoto mmoja mchanga aliyepakatwa na mama yake. Mtoto yule alikuwepo kweli, wa miezi tisa, na abiria mwanaume wa jirani ndiye aliyempokea akamkumbatia wakati wa kugonga maji. Mke wangu aliinama mbele kabisa. "Amempa mtu baki," akasema. Muvi ikaendelea, yeye akaendelea na lake. "Ningempa? Amwone mara ya kwanza leo, nimpe?"

Kisha wahudumu. Wale wadada watatu waliokuwa wanaimba ile amri yao, inamisha kichwa, baki chini, inamisha kichwa, baki chini, mpaka maji yanaingia. Aliyekuwa nyuma alichanika mguu vibaya na bado akawa anasukuma watu waende mbele. "Huyu naye wamempa kesi?" mke wangu akauliza. Nikamwambia hakuna kesi, ni uchunguzi, nao pia walihojiwa. "Vizuri," akasema. "Maana yule kapteni mlango wa nyuma hakuuona."

Sehemu ya kikao, ambayo kibanda kiliisimamia, aliitazama huku anakunja nguo. Wakati kompyuta inaonyesha ndege inarudi salama kiwanjani, nilimsubiri akasirike.

"Sasa si waulize tu," akasema. "Kama hana neno, ana shida gani?"

Nikamwambia nataka kumpigia mdogo wake. Akaacha kukunja. Yeye aliukumbuka ujumbe ule, tarehe na yote. Akasema, "Usimpige. Mwandikie. Kwa simu ataona haya akuambie hakuna shida."

Mia mbili

Nilimwandikia kwenye simu yake, pembeni, si kwenye grupu. Sikupamba. Nikamnakilia ujumbe wake wa siku ile na jibu langu, nikaandika chini: shemeji, nilikunyamazisha. Ulikuwa unauliza nini?

Siku tatu kimya. Tiki mbili za bluu, amesoma.

Ninafanya kazi Kigamboni, kwa hiyo kila siku navuka. Siku zile tatu nilikuwa naingia pantoni na kuangalia vitu ambavyo kwa miaka sikuviona. Jaketi za kuokolea pale zilipo. Kamba. Mama mwenye ndoo ya samaki ameziba njia. Kule Hudson abiria wengi walitoka bila jaketi, zilikuwa chini ya viti walivyokalia. Nikamwuliza kijana aliyesimama karibu yangu, ana begi la kompyuta, kama anajua jaketi inafungwaje. Akanitazama kama namwuzia kitu. Akasogea.

Jibu liliingia siku ya nne asubuhi, niko kwenye foleni Magogoni. Kwanza maandishi: "Shemeji umechelewa sana 😂 lakini kaa nikuhesabie."

Kisha sauti. Dakika 11.

Pantoni inavuka kabla hizo hazijaisha. Nikalipa mia mbili yangu, nikaingia, nikatafuta nafasi kwenye ukingo mbali na pikipiki zinazonguruma, nikaweka spika za masikioni. Juu yetu ndege ilikuwa inageuka baharini kwenda kutua. Kwanza nilisikia mvua kwenye bati lao, mvua ya Bukoba haina adabu, halafu mlango ukafungwa, akakohoa kidogo.

"Haya shemeji. La kwanza."